Mwindaji Asiyesimulia: Kikoa cha Makoma katika Utenzi wa Liyongo

Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, wawindaji wa mwituni wanaalikana kula makoma kwa kikoa, kila mtu apande mkoma kwa zamu yake. Shauri lao la siri ni kumfuma Liyongo akiwa juu. Zamu yake ifikapo hapandi. Avuta uta na kuyaangusha makoma kwa mishale.

Tumezoea kusifu hapa werevu wa Liyongo. Lakini ulengaji huo ndio ustadi wa wawindaji wenyewe; mtunzi amewavua na kumvika shujaa wa waungwana, kisha akawaachia hila tu. Waliopokezana zamu ya kula hawakupewa zamu ya kusimulia.

Dosari hii si ya utenzi peke yake. Uwindaji ulipopigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, kisa cha msimu wa mawindo kiligeuka ungamo la kosa, na wazee wa Waata na Waboni wakapata sababu ya kunyamaza. Mkusanyaji wa fasihi simulizi hana budi kwanza kumwondolea msimulizi hofu. La sivyo, tutaendelea kumjua mwindaji kwa kinywa cha mwingine.