Saa 24 za Mbaraka Bila Chemko

Uamuzi wa kupiga sehemu ya kwanza tu ya kila wimbo uliiua marathoni ya redio ya nyimbo za Mbaraka Mwinshehe kabla haijamaliza saa yake ya kwanza. Mliosikiliza mnakumbuka. Saa sita usiku walifungua vizuri, utambulisho mfupi, bila makelele. Ikaja "Shida". Waimbaji wakamaliza maneno, magitaa yakaanza kukusanyana kuelekea kwenye chemko, na papo hapo sauti ikashushwa, ikafifia, ikazimwa. Wimbo uliofuata ukafanywa vivyo hivyo. Wa tatu pia. Kisha mtangazaji akaeleza, kwa fahari kabisa, kwamba sehemu za pili zimeachwa makusudi ili nyimbo nyingi zaidi zipate nafasi ndani ya saa 24.

Kituo sikitaji. Kinaendeshwa na wanafunzi, na wengine ndiyo kwanza wanashika kipaza sauti. Lakini uamuzi wenyewe lazima ujadiliwe, maana haukuwa hitilafu ya mitambo wala kiwewe cha kijana aliye kwenye zamu yake ya kwanza. Kila zamu iliufuata, kuanzia usiku ule hadi usiku uliofuata. Hilo ni agizo la mhariri wa vipindi, na agizo lilikuwa baya.

Tuanze na kilichokatwa. Wimbo wa dansi wa enzi ile unakwenda kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni ya maneno: kisa kinaelezwa, waimbaji wanapokezana, kiitikio kinarudi, magitaa yanasindikiza. Hatua ya pili ndiyo chemko. Mwendo unakazwa, maneno yanapungua hadi kubaki vibwagizo, magitaa yanashika uongozi. Ridhim inang'ang'ania mzunguko wake mfupi, besi inajibu, tumba zinapanda, saksafoni zinaingia na kutoka, na juu ya yote hayo solo inatembea inakotaka. Mtindo wa bendi unajitambulisha hapo, iwe Sululu ya Morogoro Jazz, Saboso ya Western Jazz au Sikinde ya Mlimani Park. Mnyime kijana wa leo chemko, na hataweza kukuambia Sululu inatofautianaje na Saboso, kwa sababu katika sehemu ya maneno bendi hizi zinakaribiana mno.

Kwa mwanamuziki mwingine hasara ingekuwa nusu ya wimbo. Kwa Mbaraka inazidi nusu. Alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo kwa wakati mmoja, na lile jina la sifa, Soloist National, lilitokana na vidole vyake. Sehemu ya kwanza inatupa Mbaraka mwimbaji. Mbaraka wa gitaa tunakutana naye hasa katika sehemu ya pili. Kituo kilicheza saa 24 za yule wa kwanza na kumficha yule wa pili, huku kila baada ya muda kikitangaza kwamba kinamuenzi mcharaza gitaa asiye na mfano. Mtu aliyezaliwa mwaka 2004, ambaye hakuwahi kumsikia kabla ya siku ile, alilala akijua kwamba Mbaraka alikuwa mwimbaji mwenye sauti tamu na visa vya kusikitisha. Hajui kingine.

Nadhani chanzo cha kosa kiko kwenye majina ya mafaili. Santuri ndogo ya mizunguko 45 haibebi zaidi ya dakika chache kwa upande mmoja, na nyimbo za bendi zetu zilikuwa ndefu kuliko hapo. Kwa hiyo wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili: upande A ukaandikwa Sehemu ya 1, upande B Sehemu ya 2. Mgawanyo huo ulilazimishwa na sahani. Mtunzi hakuutaka, na ukumbini hakuna bendi iliyosimama katikati ya wimbo ikingoja kugeuzwa. Leo santuri hizo zimeingizwa kwenye kompyuta upande kwa upande, na asiyezijua anaona kwenye orodha yake mistari miwili, akadhani ule wa pili ni nyongeza inayoweza kuachwa.

Kuziunganisha pande hizo ni kazi ya fundi mitambo yeyote mwenye masikio. Upande A kwa kawaida unafifishwa chemko likiwa limeshaanza, na upande B unapokea kutoka karibu na pale pale. Kinachotakiwa ni kuondoa mfifio wa mwisho wa A, kuutafuta mzunguko ule ule wa ridhim mwanzoni mwa B, na kuungia kwenye pigo zito la besi, si kwenye solo, kwa kuwa sikio husamehe mshono wa besi kabla ya mshono wa solo. Kabla ya hapo unahakikisha pande zote mbili zina mwendo mmoja, maana mashine ya santuri iliyochoka hubadili kimo cha sauti kati ya upande na upande, na tofauti ndogo tu inatosha kuyafanya magitaa yasikike kana kwamba yametuniwa upya. Unasawazisha nguvu ya sauti, unamaliza. Programu ya bure kama Audacity inatosha. Studio haihitaji kununua chochote.

Sasa hesabu yao. Saa 24 ni dakika 1,440. Ukipiga wimbo mzima wa dakika saba na kumwachia mtangazaji dakika moja ya kueleza, zinaingia nyimbo 180. Ukikata chemko na kubana maelezo, kila wimbo ukachukua dakika nne, zinaingia 360. Walitaka 360. Lakini maktaba yao haikuwa na nyimbo 360 za Mbaraka, na mchana hata haujafika katikati wakaanza kurudia. "Shida" ilirudi. Ikarudi tena jioni, na kila iliporudi ilikatwa pale pale. Walitupa sehemu za pili wakidai muda hautoshi, kisha wakaujaza muda uliobaki kwa sehemu za kwanza tulizokwisha kuzisikia. Sijapata kusikia upangaji wa vipindi unaojipinga wenyewe namna hii.

Marathoni ya muziki ni mali ya redio za wanafunzi kwa sababu moja ya kweli. Redio ya biashara haiwezi kumudu, ina matangazo ya kupitisha kila baada ya dakika kadhaa. Mwanafunzi ana usiku mzima. Tazama asili ya jambo lenyewe katika Chuo Kikuu cha Harvard. Kituo ambacho leo kinaitwa WHRB kinasimulia kwamba mwaka 1943 mwanafunzi mmoja, akiwa ametoka kwenye mtihani mgumu, aliingia studio na kupiga simfonia zote tisa za Beethoven mfululizo. Zilikuwa kwenye santuri za mizunguko 78, upande mmoja ukidumu dakika nne hivi. Simfonia ya Tisa peke yake ilijaza sahani zipatazo nane. Maana yake kijana yule alikaa saa kadhaa akigeuza na kubadilisha sahani, mkono ukiwahi kabla kimya hakijamfikia msikilizaji, ili kuunganisha kazi ambayo kiwanda kiliivunja vipande. Tangu hapo WHRB imeendelea kutenga misimu ya kujisomea na mitihani kwa marathoni za namna hiyo. Yule wa 1943 alikuwa na vipande akatengeneza kitu kizima. Hawa wetu wana kompyuta.

Halafu kuna WKCR ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na kuna mtangazaji wake Phil Schaap. Wasomaji wa safu hii wamenisikia nikimtaja mara nyingi na nitaendelea kumtaja. Aliingia WKCR akiwa mwanafunzi mwaka 1970 na hakuondoka hadi kifo chake Septemba 2021. Kuanzia 1981 alikuwa na kipindi cha asubuhi cha mpiga saksafoni Charlie Parker peke yake, na kila Agosti 29, siku aliyozaliwa Parker, kituo kinampiga saa 24, kikiwa kimetanguliza Lester Young aliyezaliwa Agosti 27. Schaap hakukata. Alipiga hata majaribio yaliyoshindikana. Kwenye kikao cha Parker cha kampuni ya Savoy cha Novemba 26, 1945, jaribio la kwanza la "Ko-Ko" lilisimamishwa studioni pale wapigaji walipoingia kwenye melodi ya "Cherokee". Kipande kile hakina mwisho, na kwa mhariri wetu wa vipindi kingekuwa takataka. Ukikisikia ndipo unapoelewa kwamba "Ko-Ko" imejengwa juu ya kodi (chords) za wimbo wa mtu mwingine na kwamba Parker alilazimika kuuacha wimbo ule nje ili chake kisimame.

Wapo waliomlalamikia Schaap kwamba anazungumza mno, na ni kweli alikuwa na uwezo wa kuzungumza muda mrefu kuliko wimbo wenyewe. Lakini alizungumza kabla au baada. Julai 1979 WKCR ilimpiga Miles Davis kwa siku kadhaa mfululizo, wakati Miles mwenyewe amejifungia ndani na hapigi tena hadharani. Alikuwa anasikiliza. Akaanza kupiga simu kituoni, na mwishowe akazungumza na Schaap kwa muda mrefu kuhusu rekodi zake. Mwanamuziki hapigi simu kwa kituo kinachomkatakata.

Nirudi nyumbani, kwa sababu tabia hii ina wazazi, na nimekuwa nikiisema tangu zamani bila kusikilizwa. Ilianzia kwenye vipindi vya salamu. Kadi zilikuwa nyingi, muda mfupi, na mtangazaji aliyekuwa na majina arobaini ya kusoma alisubiri waimbaji wanyamaze tu akaingia juu ya chemko. Chemko likageuka zulia la kusomea majina. Kwa kipindi cha nusu saa naelewa. Lakini vizazi viwili vya watangazaji vimelelewa hivyo, vikaamini kwamba pale maneno yanapokwisha ndipo wimbo unapokwisha. Ndiyo maana mpaka leo mtangazaji anataja mtunzi na bendi akaishia hapo. Nani yuko kwenye besi? Nani anapiga ridhim? Siku nzima ile sikusikia jina la mpiga ridhim hata mmoja wa Morogoro Jazz wala wa Super Volcano, bendi mbili za Mbaraka, na ridhim ndiyo inayomruhusu Mbaraka kuondoka na kurudi bila wimbo kuanguka.

Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, pamoja na lawama zake zote, ilirekodi bendi kwenye mkanda, na mkanda haukuwa na upande B wa kuukimbilia. Wimbo uliingia mzima na ulitoka mzima. Katika Klabu Raha Leo Show bendi ilipiga mbele ya kipaza sauti mpaka chemko likajimaliza lenyewe. Wazee wale hawakuwa na kompyuta wala intaneti. Walijua tu wimbo unaishia wapi.

Kwenye marathoni yenyewe, mpangilio wa miaka ya Mbaraka, kutoka Morogoro Jazz ya katikati ya miaka ya 1960, safari ya Osaka kwenye Expo 70, kuzaliwa kwa Super Volcano mwaka 1973, hadi ajali ya barabarani iliyomuua huko Mombasa Januari 1979, ulikuwa sahihi na, tukiacha marudio, ulifuatwa.

Tena mpangilio huo ndio unaonifanya nikasirike zaidi, kwa sababu ulihitaji chemko kuliko mpangilio mwingine wowote. Ukiweka nyimbo kwa kufuata miaka, unamwahidi msikilizaji kwamba atasikia mabadiliko. Na mabadiliko ya Mbaraka kati ya Morogoro Jazz na Volcano yako wapi kama si kwenye magitaa? Mji wa Morogoro ulikuwa umeshikwa na mwendo wa Kikuba wa Salum Abdullah na Cuban Marimba yake hadi alipofariki mwaka 1965. Mbaraka alikulia ndani ya sauti hiyo, kisha akajitafutia njia yake. Sikiliza chemko za mwanzo ukazilinganishe na zile za miaka yake ya mwisho: solo inapata nafasi zaidi, misemo inarefuka, ridhim inasogea mbele. Visa vya mapenzi na taabu vinabaki vile vile tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa kutupigia sehemu za maneno pekee, kituo kilipanga miaka kumi na zaidi ya safari kisha kikatuonyesha kitu pekee ambacho hakikusafiri.

Saa ya Osaka ilikuwa na nafasi ya kuokoa siku. Mtangazaji wa zamu ile ya adhuhuri alisikika amejiandaa, alieleza kwa ufasaha nini maana ya bendi ya mkoani kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia, na sauti yake ilionyesha anaupenda muziki anaoutangaza. Akapiga wimbo. Maneno yalipokwisha kukawa na kitu kama kusita, magitaa yakaendelea kwa sekunde kadhaa zaidi ya kawaida, nikasimama. Kisha sauti ikashushwa. Naamini yule kijana alijua. Alikuwa na kitufe mkononi na agizo mezani, akafuata agizo. Anayepanga vipindi ana wajibu wa kumwachia mtu wa namna hiyo ruhusa ya kutokishusha kitufe.

Mbaraka alizaliwa Juni 27, 1944. Kituo kimetangaza kwamba marathoni itarudi siku hiyo, na muda uliobaki unatosha kuunganisha pande zote walizonazo, hata kama fundi ni mmoja na anafanya wimbo mmoja kwa siku. Wakipata 60 tu zilizo kamili, wapige saa nane na wafunge. Ratiba waianze na "Shida", pande zote mbili, na mtangazaji asiseme neno mpaka gitaa la mwisho linyamaze.