Usisifu Kigunduzi kwa Weupe Wake

Hoteli moja ya Shangani, Unguja, imetia vigunduzi vya gesi jikoni, na sifa zake zimefika mpaka Darajani. Nimekwenda kuvitazama. Kweli vinapendeza: visanduku vyeupe vimepangwa mstari mmoja chini ya boriti, nyaya hazionekani, na kila ukingo umezibwa kwa silikoni nyeupe mithili ya sukari ya keki. Mwenye hoteli anaiita kazi ya Kizungu. Mimi naiita kazi ya mpambaji wa harusi, na kwa kuwa wanaosifu ni wengi kuliko wanaojua, nitasema ninavyotazama mimi.

Kwanza urefu. Gesi ya mtungi ni propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa: propani mara moja na nusu, butani mara mbili. Ikivuja hutambaa sakafuni. Kigunduzi kilichoning'inia chini ya boriti kitapata habari baada ya mpishi. Mahali pake ni sentimita 15 hadi 30 kutoka chini, na kwa majiko yetu ambayo sakafu huoshwa kwa ndoo, mimi sikubali chini ya 30. Halafu nyumba za Mji Mkongwe zina kizingiti. Gesi ikivuja stoo hutuama nyuma ya kizingiti hicho, lakini fundi wa siku hizi huweka kigunduzi upande wa ukumbini kwa sababu huko ndiko kwenye soketi. Fundi wa kweli hutoboa ukuta wa mawe na chokaa, hata kama ni nusu mita, aifuate gesi iliko. Kwenye kiwanda cha barafu mambo hugeuka: amonia ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo kigunduzi hupanda juu. Anayeweka vyote urefu mmoja ili vilingane hajui anachokitega.

Hayo hata mwanafunzi huyakuta kwenye kijitabu. Wasilolijua wasifiaji ni hiyo silikoni.

Ndani ya kigunduzi cha kuunguza mna punje mbili, kila moja imefunika uzi mwembamba wa platinamu. Moja ina kichocheo. Gesi ikiifikia huungua juu yake, punje hupata moto zaidi, ukinzani wa uzi hubadilika, kengele hulia. Sasa silikoni mbichi hutoa mvuke, na mvuke huo ukigusa punje ya moto huvunjika, ukaacha utando wa silika. Gesi haina tena pa kuungulia. Ubaya ni kwamba kigunduzi hakilalamiki. Uzi haukukatika, umeme unapita, taa ya kijani inawaka, kioo kinaonyesha sifuri. Sifuri ya hewa safi na sifuri ya kigunduzi mfu hazitofautiani hata kidogo. Kwa hiyo kadiri fundi anavyoziba kwa bidii ndivyo anavyoua kwa bidii, kisha mfagizi anamalizia kwa spreyi ya kung'arishia meza, ambayo nayo mara nyingi ina silikoni. Vipo vigunduzi vya infraredi ambavyo mvuke huo hauvidhuru, lakini bei yake huwatia wenye hoteli kikohozi.

Palikuwa na fundi Malindi, marehemu sasa, aliyerudi kutoka Oman alikofanya kazi kwenye visima vya mafuta. Akiingia chumbani, kabla ya kufungua sanduku la vifaa, alinusa. Silikoni ya kawaida ikikauka hunuka siki. Akiisikia siki mahali pasipo achari, alibeba sanduku lake na kusema atarudi wiki nyingine. Waliomwita mvivu ni wengi. Yeye alitumia mpira mkavu wa kubana, glandi ya kushikia waya ikiingia kwa chini, waya ukining'inia kidogo chini ya sanduku kabla ya kupanda, ili maji ya masika yadondoke hapo. Uso wa kigunduzi hutazama sakafu. Na mifereji ya skrubu zake yote ilielekea upande mmoja. Fundi asiyelinganisha mifereji ya skrubu haaminiki na platinamu. Sina ushahidi, wala siuhitaji.

Matapeli wao wana kiberiti cha gesi. Hukibonyeza bila kukiwasha, kengele hulia, mkono unanyooshwa upokee malipo. Kiberiti humwaga butani nyingi kupita kiasi, huweza kuiumiza punje, na hakisemi lolote kuhusu asilimia 20 ya LEL, yaani kiwango cha chini kabisa cha gesi hewani kinachoweza kuwaka. Kigunduzi kilichokufa nusu nacho hulia mbele ya kiberiti. Tapeli mmoja wa Paje alizidi: alibandika kengele ya moshi akaiuza kuwa ya gesi, akaijaribu kwa sigara, na akapigiwa makofi.

Zamani mteja naye alijua kuuliza. Umeme ulipopotea Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, watu walijifunza swali moja zuri: umeme ukikatika, vali ya gesi inafunga au inabaki wazi? Leo wanauliza kama kuna rangi ya maziwa.

Siku ya kukabidhiwa kazi, basi, usitazame ukuta. Mwambie fundi alete mtungi wa gesi ya kupimia, uwe wa gesi ile ile unayopikia, maana kigunduzi kilichopimiwa methani husoma propani pungufu. Akusomee tarehe yake ya mwisho, akivalishe kigunduzi kikombe cha kupimia, nawe utazame namba ikipanda mpaka pale lebo ya mtungi inaposema. Akitoa kiberiti mfukoni, usimlipe.