Mstari wa Kwanza Ndio Unaohukumu

Kusakinisha PostgreSQL kwenye Debian ni amri moja tu: apt install postgresql. Kahawa haijapoa, seva imeshawaka. Ila ufundi ninaoupenda unaanza baada ya hapo, fundi anapokaa kitako kusoma kile alichoachiwa.

Programu hii ya hifadhidata ilizaliwa kama mradi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, chini ya Michael Stonebraker, na ikapewa jina lake la sasa mwaka 1996. Walioilea wameifunza tahadhari. Inakataa katakata kuendeshwa na root. Hutengenezewa mtumiaji wake, postgres, na folda ya data hafungui mtu mwingine. Inasikiliza mashine yake yenyewe tu, kwenye poti 5432. Kwa hiyo kazi ya fundi ni kufungua, na uhodari wake utauona katika kiasi anachofungua.

Tazama faili la pg_hba.conf, linaloamua nani aingie na kwa njia gani. Seva hulisoma kuanzia juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana na mgeni ndio unaomhukumu. Akikosea nywila hapo, hakuna rufaa kwenye mstari unaofuata. Fundi mwenye haraka huruhusu dunia nzima kwa 0.0.0.0/0, akaweka trust, yaani bila kuuliza nywila, maombi yakafanya kazi, akaenda zake. Fundi ninayemheshimu, akiiwekea duka seva, huandika hivi:

host duka keshia 192.168.10.14/32 scram-sha-256

Hifadhidata moja, mtumiaji mmoja, kompyuta moja, na nywila isiyopita wazi kwenye waya. Kisha, kabla ya kuiambia seva isome upya, anauliza jedwali la pg_hba_file_rules kama kuna mstari wenye kosa. Usomaji huo upya haumkati aliyekwisha kuingia. Keshia anaendelea kuuza bila kujua kuwa kuna kilichobadilishwa.

Kumbukumbu nayo ina hesabu zake. shared_buffers huja na MB 128, na kwenye seva ya GB 16 watu wengi huanzia GB 4. Hilo ni jepesi. Ninachokitetea kwa nguvu zote ni fsync, mpangilio unaohakikisha kilichoandikwa kimefika kwenye diski kweli. Kila badiliko huandikwa kwanza kwenye WAL, daftari la mabadiliko lenye mafaili ya MB 16 kila moja, ndipo muamala uthibitishwe. Umeme ukikatika, seva ikiwaka huyasoma na kurudia kazi ambayo haikuwahi kufika kwenye majedwali. Anayezima fsync ili kasi ipande anauza uaminifu wote huo kwa sekunde chache.

Na nakala rudufu? Kuweka pg_dump ijiendeshe kila usiku ni nusu ya kazi. Fundi kamili huichukua nakala ya kwanza siku hiyohiyo, akairejesha kwenye mashine nyingine kwa pg_restore, akalinganisha idadi ya safu mlalo jedwali kwa jedwali, ndipo akawakabidhi wenye duka.