Kondoa na Kilwa kwa Safari Moja

Sisi wa Quakers Hill, magharibi ya Sydney, tumezipitia ratiba za safari za vikundi vidogo zinazowapeleka wageni kwenye michoro ya mapangoni Kondoa, kisha magofu ya Kilwa Kisiwani. Wazo ni jema: watu wachache, kiongozi mmoja, nafasi ya kuuliza. Kasoro imo katika maelezo.

Mungomi wa Kolo huelezwa kama pango la watu waliokwisha toweka. Wenyeji bado huenda hapo kutambika na kuomba mvua, na UNESCO ilipoiandikisha michoro ya Kondoa mwaka 2006 ilizitaja mila hizo. Watoto wetu tukiwapeleka Red Hands Cave, Glenbrook, kutazama alama za mikono, huwaambia kwamba wenye ardhi wangali hai. Mbona Kolo wasiambiwe hivyo?

Kilwa ndiko tunakoudhika zaidi. Husuni Kubwa huitwa jumba la Waarabu, basi. Ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, alimsifu kwa ukarimu, na akaandika kwamba wakazi wengi wa mji ni Zanji, weusi sana. Ukoo wake, Mahdali, hunasibishwa na Yemen, wala hatuoni haja ya kuuficha; lakini mji ulikuwa wa Waswahili, na dhahabu iliyoutajirisha ilipitia Sofala. Familia iliyolipa nauli kutoka Sydney isipewe nusu saa Husuni Kubwa na siku nzima ufukweni.