Mchongoano Haupigi Kura

Nimesoma mizaha mingi ya siasa mitandaoni, lakini hakuna iliyonifunza mengi kama ya uchaguzi wa chesi.

Ndiyo, chesi. Shirikisho la dunia, FIDE, huchagua rais kila baada ya miaka minne, na kila chama cha taifa kina kura moja. Kenya moja, Urusi moja, Marekani moja. Bingwa wa dunia hana kura. Wewe unayecheza kwa simu ndani ya matatu huna kura pia. Anayepiga ni mjumbe wa chama chako, tena kwa siri.

Mwaka 2014 Garry Kasparov, bingwa wa dunia kuanzia 1985 hadi 2000, aliwania kiti hicho dhidi ya Kirsan Ilyumzhinov, aliyekuwa amekikalia tangu 1995. Mitandaoni mambo yalikuwa yamekwisha kabla ya kura. Ilyumzhinov ndiye yule jamaa anayesema kwamba mwaka 1997 alichukuliwa na viumbe wa sayari nyingine akiwa Moscow. Aliporudia hadithi hiyo kwenye televisheni ya Urusi mwaka 2010, mbunge mmoja alimwandikia rais wa nchi akiuliza kama kuna siri za serikali zilizovuja huko angani. Mwaka uliofuata akaenda Tripoli kucheza chesi na Gaddafi, NATO ikiwa inapiga mabomu. Mcheshi gani angeiacha hiyo?

Mtoto yeyote wa mtaani Kenya angeutambua mchezo uliofuata. Ni mchongoano. Unamchukua mtu, unatafuta kasoro moja, unaivuta hadi ipasuke, na umati unaamua nani ameuawa. Kwa kipimo hicho mizaha ya viumbe wa angani ilikuwa safi: mifupi, picha moja, haihitaji maelezo. Nilicheka, na hata leo nikiikuta nacheka.

Lakini mchongoano una sharti ambalo hatulitaji kwa sababu mtaani liko wazi: umati unaocheka ndio huo huo unaoamua. Kwenye uchaguzi wa chesi umati ulikuwa kwingine na waamuzi kwingine. Agosti 2014, mjini Tromsø, Norway, wajumbe walipiga kura. Ilyumzhinov 110, Kasparov 61.

Kicheko sasa kikageukia wapiga kura. Ghafla ikawa ni habari ya "vyama vidogo", yaani visiwa na Afrika, eti vilinunuliwa kwa bei ya chakula cha mchana. Hapo ndipo mimi nashuka kwenye gari. Mzaha uliokuwa unamchoma tajiri mwenye madaraka ukawa unamchoma mjumbe wa chama kisicho na hata ofisi, na wengi waliokuwa wakicheka hawakuona kwamba wamebadilisha wanayemcheka.

Walikuwa na kitu kizito zaidi cha kusema. Januari mwaka huo huo, gazeti la New York Times liliripoti mkataba uliovuja kati ya Kasparov na Ignatius Leong, aliyekuwa katibu mkuu wa FIDE: upande mmoja pesa, upande wa pili msaada wa kutafuta kura. Kasparov alikana kwamba alikuwa akinunua kura. Mwaka 2015 tume ya maadili ya FIDE iliwafungia wote wawili miaka miwili. Kumbuka FIDE hiyo ilikuwa chini ya mpinzani wake, kwa hivyo upime mwenyewe uzito wa hukumu. Ila jambo moja halina ubishi: kambi zote mbili zilikuwa zinazitafuta kura zile zile za "vyama vidogo".

Shida ya mkataba ni kwamba hauna sura. Huwezi kuuvalisha nguo ya mwanaanga. Kiumbe wa angani anachekesha kwa sekunde mbili. Mkataba unataka usome, ulinganishe, uulize nani analipwa na kwa kazi gani. Mzaha wa mtandaoni huchagua kinachochekesha, na mara nyingi kinachochekesha si kinachoamua. Hakuna meme iliyouliza chama kisicho na mdhamini kinapata wapi bodi, saa na tiketi za ndege, na nani amekuwa akipokea simu zake kwa miaka 19. Jibu la swali hilo lingemsaidia Kasparov kuliko vichekesho elfu.

Ukidhani ni bahati mbaya ya mara moja, tazama Chennai 2022. Rais Arkady Dvorkovich, aliyewahi kuwa naibu waziri mkuu wa Urusi, alikuwa anatetea kiti miezi michache baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Mpinzani wake alikuwa Andrii Baryshpolets, raia wa Ukraine, na mgombea mwenza wake Peter Heine Nielsen, mmoja wa watu wenye ulimi mkali zaidi kwenye Twitter ya chesi. Hoja zao zilikuwa nzito, na kejeli zao zilikuwa na shabaha kuliko zile za 2014. Matokeo: 157 kwa 16.

Sisemi watu waache kucheka. Kejeli humnyima mkubwa heshima ya bure, na hiyo ni kazi. Ninachodai ni mzaha unaojua kura iko mkononi mwa nani. Mjumbe wa Kenya huingia kwenye ukumbi ule na kura yenye uzito sawa na ya Urusi, kwa jina lako. Je, chama kilikaa kikaamua, au aliamua peke yake ndani ya ndege? Aliporudi, nani alimuuliza? Mchongoeni huyo. Yeye angalau mtakutana naye kwenye mashindano, na atalazimika kujibu.