Mizani ya Autun

Katika mwaka 1766 makasisi wa kanisa kuu la Autun, nchini Ufaransa, walipiga lipu juu ya mchongo wa Kiyama uliokuwa umekaa juu ya mlango wa magharibi kwa zaidi ya miaka mia sita. Kichwa cha Kristo kilikuwa kimejitokeza mno, lipu isiweze kukifunika, kikaondolewa. Makasisi hao hawakuwa maadui wa dini. Walikuwa watu wa elimu, na elimu yao ndiyo iliyowaambia kwamba kazi ile ni ya ushenzi: miguu mirefu kupita kiasi, shingo nyembamba, mikono isiyolingana na viwiliwili.

Shutuma hiyo ina wafuasi mpaka leo, ijapokuwa hutolewa kwa maneno ya upole. Husemwa kwamba mchongaji wa karne ya 12 alikuwa na imani kubwa na ujuzi mdogo. Jibu lake limo ndani ya kanisa lenyewe, lililoanza kujengwa karibu na mwaka 1120 kwa mtindo uitwao Romaneski. Autun ni mji uliojengwa na Warumi zama za Kaisari Augusto, na baadhi ya malango yao yangali yamesimama. Wajenzi wa kanisa waliyatazama sana; nguzo bapa zenye mifereji, zilizoshikamana na kuta za kanisa, zimefuata zile za lango la Arroux, na zimefuatwa kwa vipimo vya adabu kabisa. Basi waliojua kuiga uwiano wa Kirumi ndani ya jengo hawakushindwa kuuiga mlangoni. Waliuacha kwa kusudi.

Na kusudi lenyewe halikufichika. Kristo ameketi katikati, mkubwa kuliko wote, mtulivu, hana hasira wala huruma usoni. Pembeni mwake Malaika Mikaeli anapima roho kwa mizani, na roho ndogo zimejificha katika mikunjo ya vazi lake, mithili ya watoto waliotishwa. Shetani naye anaivuta mizani upande wake. Chini wafu wanafufuka kwa safu. Mahujaji wawili wamekuja na mikoba yao, mmoja una alama ya msalaba na mwingine ya kombe. Mbele kidogo viganja viwili vikubwa, visivyo na mwenyewe, vimekikamata kichwa cha mtu aliyelaaniwa. Mchongaji angalivitia viganja hivyo katika kipimo cha binadamu, hofu yote ingaliondoka. Kila kiungo hapa kimepewa urefu kwa kadiri ya jambo linalompata mwenyewe. Upande wa peponi, kwa kweli, ni dhaifu zaidi: Petro na ufunguo wake mkubwa anapendeza, lakini hamtikisi mtu.

Kazi iliyo bora kupita zote haiko mlangoni tena. Ni Hawa, jiwe la urefu wa kama mita 1.3, lililotoka katika mlango wa kaskazini uliovunjwa wakati uleule wa lipu. Lilionekana mwaka 1856 katika kuta za nyumba iliyokuwa ikibomolewa. Lilikuwa limetumiwa kama jiwe lolote la kujengea. Hawa amelala ubavu, akitambaa katika majani kama nyoka. Mkono mmoja u shavuni, kama mtu anong'onaye au ajutaye. Mwingine, nyuma yake, unachuma tunda, naye halitazami. Dhambi na majuto vimechongwa katika mwili mmoja, kwa dakika moja. Adamu aliyemkabili amepotea.

Chini ya miguu ya Kristo imeandikwa kwa Kilatini kwamba Gislebertus ndiye aliyeyafanya haya. Grivot na Zarnecki, katika kitabu chao cha 1961, walimpa fundi huyo karibu mapambo yote ya kanisa. Mwaka 1999 Linda Seidel akaleta hoja kwamba huenda jina ni la mtawala wa kale, akumbukwaye kwa fadhila zake. Ubishi huo una faida kwa wanahistoria, lakini hauongezi wala kupunguza kitu katika viganja vile.

Lipu iliondolewa mwaka 1837. Ilikuwa imeukinga mchongo na nyundo za wakati wa Mapinduzi. Kichwa cha Kristo kilirudishwa mahali pake mwaka 1948.