Ufupi wa Riwaya ya Njozi na Hesabu ya Msomaji

Desturi ya msomaji kujiwekea idadi ya vitabu atakavyosoma kwa mwaka, vitabu 12 kwa wenye kiasi na 52 kwa wenye pupa, imeenea siku hizi hata miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili. Mwaka unapokaribia kwisha nayo hesabu haijatimia, msomaji huenda kwenye rafu ya vitabu vyembamba. Katika fasihi ya Kiswahili rafu hiyo ina riwaya za njozi, za nchi zisizokuwepo na za safari za angani kwa wingi usiotazamiwa. Adili na Nduguze, Kusadikika, Walenisi, Nagona na Mzingile zote ni kazi ambazo mtu aweza kuzitia mkobani bila kuhisi uzito.

Desturi hii haistahili kubezwa kama baadhi ya wahakiki wanavyoibeza. Msomaji aliyeongozwa na wembamba wa kitabu hadi kwa Katama Mkangi amefika mahali ambapo mihadhara mingi haijamfikisha. Kosa liko katika dhana inayofichwa ndani ya hesabu yenyewe, kwamba kurasa chache ni kazi chache. Ufupi wa riwaya hizi si wa namna moja, na asiyetambua tofauti zake atahesabu vitabu ambavyo hakuvisoma.

Kuhusu jina la utanzu wenyewe, kugombania mipaka hakuna faida kubwa. Wapo wanaoshikilia kwamba riwaya ya kisayansi sharti ieleze mitambo. Kwa kipimo hicho hata kijitabu cha H. G. Wells cha mwaka 1895 juu ya mashine ya kusafiria wakati kingeanguka, maana namna mashine ile inavyofanya kazi haielezwi hata kidogo cha kumridhisha fundi. Mashine ni mlango tu, na muhimu ni kile kinachoonekana baada ya kuuvuka.

Adili na Nduguze (1952) ni fupi kwa namna iliyo nyepesi kuliko zote. Shaaban Robert aliuchota mkondo wake katika hekaya za Alfu Lela u Lela, na taharuki yake ni ya hekaya: liwali mwema huwapiga manyani wawili kila usiku, na msomaji hawezi kulala kabla ya kujua kwa nini. Kitabu hiki humalizwa kwa jioni moja, na hakidhuriwi na haraka.

Kusadikika (1951) hudanganya zaidi. Nchi yake inaelea hewani, mshtakiwa wake ni Karama, na kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria. Katika utetezi wake Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote nne za dunia, kisha Ardhini na Mbinguni, wakarudi na mashauri mema na kutiwa kifungoni. Mjumbe wa kwanza akishafungwa, msomaji mwenye haraka hudhani amekwisha kumjua wa pili kabla hajaondoka, na afikapo kwa wa nne huanza kurukaruka kurasa. Ni kweli kwamba wahusika wa Shaaban Robert, wanaobeba tabia zao katika majina yao, humrahisishia mtu kuruka hivyo. Lakini marudio yale ndiyo mashtaka yenyewe. Baraza lililokosea mara moja laweza kusamehewa. Lililokosea mara sita kwa namna ile ile limejihukumu, na mwandishi hakuhitaji kutamka hukumu hiyo. Ikumbukwe kwamba alikuwa mtu aliyetumikia miaka mingi katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Kuiweka mahakama angani kulimpa nafasi ya kusema mambo ambayo yasingesemeka kwa urahisi juu ya mahakama ya ardhini. Anayeruka wajumbe wawili ili amalize kabla ya chakula cha usiku amepata kisa na kuacha hoja.

Walenisi (1995) inadai subira ya aina nyingine. Jina lake ni fumbo linalofumbuliwa kwa kulitamka polepole: wale ni sisi. Dzombo, aliyehukumiwa na watawala wa nchi yake, anatiwa katika chombo cha angani kilichokusudiwa kumpeleka mautini. Badala ya kufa anafika katika nchi ambayo binadamu hamnyonyi binadamu. Mkangi, mwanasosholojia, alikamatwa mwaka 1986 na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Haifai kuisoma riwaya nzima kama kumbukumbu ya kizuizi kile, lakini ni vigumu pia kukisoma kisa cha mtu anayerushwa nje ya dunia kwa sababu ya fikra zake bila kukumbuka kwamba mwandishi alijua kutengwa ni nini.

Hata hivyo sifa isizidi kipimo. Nusu ya kwanza ya Walenisi, penye hukumu na safari, ina mkazo na ucheshi mchungu. Dzombo akishafika, riwaya inageuka darasa: mgeni anauliza, wenyeji wanajibu, na majibu ni marefu kuliko maswali. Hili ni gonjwa la kale la riwaya zote zinazojenga nchi kamilifu, na Mkangi hakupata dawa yake. Hapa, kwa mara moja, ufupi zaidi ungesaidia.

Kwa Euphrase Kezilahabi hesabu ya kurasa huvunjika kabisa. Nagona (1990) na Mzingile (1991) zikiunganishwa haziwi kitabu kinene. Sentensi zake ni fupi, na msamiati wake kwa sehemu kubwa ni wa kila siku. Mwanafunzi wa sekondari hatakwama kwa sababu ya maneno. Atakwama kwa kuwa hajui ni nani anayesema, yuko wapi, na kama tukio lililopita lilitokea au liliotwa. Mahali hapana jina, wakati hauna tarehe, na wanafikra wa Ulaya waliotenganishwa na karne nyingi hukutana kana kwamba ni majirani. Kila kiungo ambacho riwaya ya kawaida humpa msomaji kimeondolewa, na msomaji ndiye anayepaswa kukitia. Ufupi wa Nagona umetokana na vitu vilivyoachwa, na vilivyoachwa vina uzito kuliko vilivyoandikwa.

Linganisha na Dunia Uwanja wa Fujo (1975) ya mwandishi huyo huyo. Ni ndefu zaidi, yenye vijiji, mapenzi, ulevi na siasa ya mashamba, na msomaji wa wastani huimaliza upesi kuliko Nagona. Kama kipimo ni saa zilizotumika, kitabu kirefu ndicho kifupi. Wahakiki waliolalamika kwamba Kezilahabi aliwatupa wasomaji wake walikuwa na sehemu ya haki, maana ni wachache waliomfuata kutoka Rosa Mistika (1971) hadi hapa. Lakini walimpima kwa mwendo wa riwaya zake za kwanza, ilhali mwendo unaofaa ulikuwa ule wa mashairi yake huru ya Kichomi (1974). Hakuna anayesoma shairi mara moja na kuliandika katika orodha ya yaliyokwisha.

Bina-Adamu! (2002) ya K. W. Wamitila imepokea mengi kutoka kwa Kezilahabi, ila imempa msomaji uzi wa kushika, yaani safari ya kumtafuta P.P. kutoka bara hadi bara, na kwa hiyo inasomeka kwa wepesi zaidi bila kuwa nyepesi.

Mhadhiri anayeulizwa na mwanafunzi aliyebakiwa na vitabu vitatu na majuma mawili aweza kumjibu bila unafiki. Adili na Nduguze achukue kwa jioni moja. Kusadikika aigawie jioni sita, moja kwa kila mjumbe, asiruke hata mmoja. Walenisi imalize siku zilizosalia, na anaposoma hotuba za mwisho ana ruhusa ya kuchoka. Nagona aiache hadi Januari, hesabu mpya ikianza na hapana anayemkimbiza, na akiimaliza airudie kabla ya kufungua Mzingile.